Sakafu ya Mbao Tuliyoiosha kwa Maji

Chuo chetu cha ufundi kiko juu ya kilima, na mtaa wa Batsinda, ninakoishi hapa Kigali, uko chini yake. Kwa muda mrefu kitu kilichoonekana kwanza ukiinua macho kilikuwa tangi la maji la chuo. Kisha serikali ikajenga jumba la mazoezi. Asubuhi mafundi walipong'oa uzio wa mabati, majirani zangu walitoka nje na miswaki mdomoni, wakasimama kulitazama.

Mimi hufundisha Kiswahili hapo chuoni. Nilikulia Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na Kiswahili ndicho mzigo mkubwa niliorudi nao Rwanda. Nasema kweli, jumba lile sikulifurahia mwanzoni. Karakana yetu ya kuchomelea vyuma inavuja, na mvua ikinyesha wanafunzi husogeza meza. Mwenzangu anayefundisha humo alituvunja mbavu kwenye chumba cha walimu.

"Tunaomba mashine za kuchomelea, tunaletewa mashine ya kukimbia mtu asifike popote! Sasa katika mji huu wa milima, nani amekosa pa kupandia? Shuka hadi stendi ya Nyabugogo kwa miguu, halafu rudi. Huo si mchezo? Na ni bure!"

Siku hiyohiyo mkuu wa chuo, mama ambaye sote tunamwita madamu, akatupeleka ndani. Hakuna aliyeambiwa avue viatu, lakini tulivua. Paa lilikuwa limetandazwa juu yetu bila nguzo hata moja katikati. Mwanga uliingia kupitia madirisha ya juu, ukamwagika kwenye sakafu ya mbao ya rangi ya asali, nasi tukajiona ndani yake kama tumesimama juu ya ziwa. Ukuta mmoja mzima ulikuwa kioo. Mwenzangu wa karakana alijitazama humo kuanzia kichwani hadi soksi. Hata sauti zetu zilishuka zenyewe, kama watu walioingia katika nyumba ya ibada.

Mwishoni mwa ukumbi niliona vyuma viwili virefu, vimekwenda sambamba, vimeinuliwa usawa wa kiuno. Nikamkumbuka jirani yangu.

Jirani yangu ni mama mshonaji, Mwislamu mzaliwa wa mtaa wa Nyamirambo, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kiharusi kilimpata, kikamwachia mguu wa kushoto usiotii. Hospitalini walimfundisha kutembea katikati ya vyuma kama vile, akawa anapata nafuu. Ila kufika huko ndiko kulikomshinda. Pikipiki hawezi kuipanda, kwa sababu mguu haupiti juu ya kiti. Basi lilimtaka ashuke Nyabugogo na kupanda jingine, na pale watu hawamngojei mwenye fimbo. Akaacha kwenda. Tangu hapo alikuwa akishona ameketi, na cherehani yake akiikanyaga kwa mguu mmoja.

Nilipomweleza habari za vile vyuma, aliweka mkasi chini.

"Na sisi wa huku chini tutaruhusiwa?"

Nikamfafanulia polepole, kama ninavyopenda kufanya. Fedha za umma hazitoki mbinguni. Ukinunua uzi dukani, sehemu ya bei inakwenda kwenye kodi, na kodi ndiyo inayojenga barabara, zahanati, na sasa jumba hili. Madamu mwenyewe alikuwa ametuambia anataka wakazi watumie ukumbi asubuhi, kabla ya vipindi. Baadhi ya wajumbe wa kamati ya chuo hawakutaka, na uamuzi ungetolewa kwenye mkutano baada ya umuganda.

"Basi wasije wakabadili nia," alisema. "Mwalimu, mimi nataka kwenda sokoni kwa miguu yangu. Sitaki kingine."

Umuganda ni ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo sisi sote tunatoka kufanya kazi ya pamoja. Mwezi ule mtaa wetu ulipangiwa eneo linalozunguka jumba jipya. Wanaume na vijana tulizibua mfereji. Madamu aliwaomba wanawake wasafishe ndani, maana mafundi waliomalizia kazi walikuwa wameacha vumbi, kisha akaenda langoni kuwapokea wageni waliokuja kuliona jumba.

Hapa inafaa nieleze jambo moja. Kwetu Kigali, kusafisha sakafu maana yake ni maji. Sakafu zetu ni za saruji au vigae. Unamwaga ndoo, unasugua kwa burashi na sabuni, halafu unasukuma maji hadi nje kwa mti wenye mpira. Iliyofagiliwa tu bado haijasafishwa. Na nyumba mpya ndiyo huoshwa zaidi, kwa heshima. Jirani yangu, aliyepandishwa kilima akishikwa mikono, alikuwa amewekewa kiti cha plastiki mlangoni, na kutoka hapo aliongoza kazi. "Mwaga! Usiogope, mwaga hadi kule kwenye kioo!" Mimi nilipoona povu likitoka mlangoni nilifurahi, nikasema moyoni, hawa wamelipenda kweli.

Madamu alirudi na wageni wake.

"Reka! Reka!" alipiga kelele, yaani acheni. "Jamani, hii ni mbao!"

"Mbao tangu lini haioshwi?" mama mmoja akauliza, burashi mkononi. "Meza yangu iko ya mbao, naosha kila siku."

"Meza hujaigundisha chini, mama! Maji yakiingia chini ya hii, yote itanyanyuka!"

Jirani yangu alielewa kabla ya wengine. Alivua mtandio wake begani, akautupa kwenye maji. "Kausheni! Vueni vitenge mlivyojifunga, kausheni! Ninyi wanaume mnatazama nini, hamna mashati?"

Sijawahi kuona kitu kama kile. Vitenge vilitandazwa kutoka mlangoni hadi kwenye kioo, vya ndege, vya maua, vya duara za manjano, na kioo kikavifanya kuwa mara mbili. Wanawake walipiga magoti katika mstari mmoja, wakasogea pamoja, wakikamua nje na kurudi. Wageni nao walivua makoti. Mwenzangu wa karakana, yule wa mzaha, alikuwa kifua wazi akifuta kila pembe kama anayemfuta mtoto.

Hata hivyo mbao kadhaa karibu na mlango zilinyanyuka. Kwenye mkutano mjumbe mmoja alisema, "Niliwaambia. Kitu cha gharama hivi hakiachwi mikononi mwa mtaa."

Jirani yangu aliinuka. Ilimchukua muda, na sote tulingoja.

"Mimi ndiye niliyesema wamwage. Hawa walinitii kwa sababu nina sauti. Nifungieni mimi mlango. Wao waacheni waingie."

Hakuna aliyeuhitaji mlango ule kuliko yeye.

"Mama," madamu akasema, "kwa nini ulisema wamwage?"

"Si wageni walikuwa wanakuja? Wewe ungewakaribisha kwenye vumbi?"

Watu wakacheka, na madamu pia, mkono mdomoni. Kisha akasema fundi ameikagua sakafu: mbao za mlangoni zitabadilishwa, nyingine zote zimepona kwa sababu zilikaushwa mara moja. "Na aliyeamuru vitenge ni nani?"

"Ni mimi huyohuyo."

Madamu aliwageukia wajumbe wa kamati, na wengi wakainua mkono kukubali. "Basi Jumanne asubuhi uje, wewe na wenzako. Ndoo zibaki nyumbani."

Karakana bado inavuja, na bado nauliza kwa nini haikutengenezwa kwanza. Nadhani swali hilo ni halali, nanyi mnaonisoma msione haya kuuliza la kwenu. Lakini Jumanne ile nilikuwa ukumbini. Jirani yangu alinipa fimbo yake, akashika vyuma viwili, akasimama. Mguu wa kulia ukaenda. Wa kushoto ukaburuta, ukasita, kisha ukanyanyuka kidogo sana, ukatua mbele. Jasho lilimtoka kwenye nyusi. Alikwenda hivyo, polepole, mpaka mwisho wa vyuma, nami, niliyekuwa nikimfuata nyuma katikati ya vyuma, nikaanza kupiga makofi.

"Nani kakuambia nimemaliza?" alisema, akihema, huku akigeuka. "Sogea huko, mwalimu, umenizibia njia."