Radhi Anayoitaka Wifi Yangu

Leo wifi yangu kanililia hospitali, na roho yangu imesuuzika!

Asubuhi nlianguka jikoni kwake Bububu, kichwa kinapasuka. Yeye akawaambia wenziwe wanaopika naye: "Mwacheni huyo, anategea kukuna nazi!"

Dereva wa gari ya abiria ya shamba ndiye alonileta mjini.

Daktari kanichoma sindano ya mgongo kupima maji ya uti. Kasema mshipa ubongoni unavuja damu. Nilale kimya, nisizungumze.

Jioni wifi huyo, kaja na uji. Kusikia kwamba naweza kufa, akapiga magoti: "Wifi, niwie radhi!"

Wodi nzima ikanitazama.

Nikaonesha kichwa kwa kidole, nikafumba macho. Si daktari kakataza?

Alipotoka tu, nikamwita nesi aniletee chai.

Mashoga zangu, kesho akija nimpe radhi, au nizidiwe?