Kijibao cha Kuegemeza Vidole

Kwa miaka kumi na moja seremala mmoja, fundi hodari wa milango na makabati, alikuwa akikiandikia barua kiwanda cha magita cha ng'ambo, akikisihi kirudishe kipande cha mbao chenye urefu wa kidole.

Usicheke bado. Kipande chenyewe kilikuwa na historia. Zamani, magita ya besi yalipoanza kuuzwa, yalitoka kiwandani na vitu vitatu ambavyo siku hizi havipo. Kulikuwa na kijibao kilichofungwa kwa skrubu mbili chini ya nyuzi, mpigaji aegemeze vidole vyake. Kulikuwa na kifuniko cha chuma, kinang'aa hata unaweza kunyolea ndevu, kilichoziba pale nyuzi zinapofungwa. Na ndani ya kifuniko mlikuwa na sponji lililozigusa nyuzi kidogo, mlio usivume ovyo. Kisha kiwanda kikaviondoa kimoja kimoja bila kumuuliza mtu. Seremala hakukisamehe, ingawa wakati huo yeye alikuwa bado ananyonya.

Wala hakuwa peke yake. Walikuwa watano, na chama chao kilikuwa na katiba. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikutana nyuma ya duka la fundi saa, katika chumba chenye saa arobaini za ukutani, wala hapakuwa na mbili zilizokubaliana. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyekohoa kabla ya kila sentensi kana kwamba darasa bado linapiga kelele. Fundi saa alishughulikia ushahidi, yaani picha za zamani, alizozikagua kwa ile lenzi yake ya jichoni. Seremala alikuwa katibu. Waliobaki ni mapacha wawili wauza rangi za nyumba, ambao kazi yao ilikuwa kukubali. Gita lilikuwa moja tu, la seremala. Lililazwa mezani katikati yao kama mgonjwa, likajadiliwa, likarudishwa katika mfuko wake. Kulipiga hawakulipiga sana. Ajenda zilikuwa nyingi.

Mkewe seremala, muuguzi, aliyavumilia yote hayo kwa uso mkavu wa mtu aliyezoea wagonjwa wabishi. Siku moja alimkuta mezani akiandika barua ya ishirini na mbili.

"Hiyo mbao wanayokunyima ina ukubwa gani?"

Seremala akamwonyesha kidole.

"Na wewe kazi yako ni nini vile?"

"Unaijua kazi yangu."

"Naijua. Nilitaka kuhakikisha kama wewe unaijua."

Seremala akaweka kalamu chini, akajaribu kueleza taratibu. "Huelewi, mama watoto. Nikikichonga mimi kitakuwa changu. Mimi nataka cha kiwandani."

"Mlango wa bafu letu haufungi, mwaka wa nne huu," mkewe akasema, huku akikunja sare yake ya kazi. "Nao unasubiri cha kiwandani?"

Barua ilitumwa hivyo hivyo.

Sasa, ukutani katika chumba cha saa palitundikwa jalada la santuri ya zamani. Wanamuziki saba wamesimama kwa suti nyeupe, na wa mwisho kabisa, kofia imemfunika macho, ameshika gita la besi lenye kifuniko, kijibao na kila kitu. Nyuma ya jalada pameandikwa: "Besi: Radi." Hayo tu. Fundi saa alishahesabu skrubu zote zinazoonekana katika picha ile. Mwenyekiti alishamtungia Radi hotuba mbili za kumbukumbu, kwa vile kila mtu alijua kwamba mtu huyo amekwisha kufa.

Ndipo asubuhi moja akaingia karakana ya seremala mama mmoja aliyekwisha kupita umri wa makamo, kanga mabegani, viatu vya mpira miguuni, akaagiza vizimba vya kuku mia tatu wa mayai. Seremala akawa anaandika vipimo. Redioni ukapigwa wimbo wa zamani. Vidole vya yule mama vikaanza kutembea ukingoni mwa benchi, kati ya maranda ya mbao.

"Hapo nilikosea," akasema.

"Wapi, mama?"

"Hapo besi iliposhuka. Nilikosea siku ya kurekodi, kiongozi wa bendi akapapenda. Ikabidi nikosee vivyo hivyo miaka tisa."

Futi ya kupimia ikamponyoka seremala, ikajikunja yenyewe hadi chini ya msumeno.

"Mama… wewe ndiye Radi?"

"Nilikuwa. Sasa hivi mimi ni mama wa mayai. Vizimba vitakuwa tayari lini?"

Jumamosi ile chama kilivaa tai. Mapacha walileta kiti chenye mto. Mwenyekiti alipomwona anayeingia ni mwanamke alikohoa mara nne mfululizo, lakini alijikaza, akasoma hotuba ya kumbukumbu moja kwa moja, akibadilisha tu mahali palipoandikwa "marehemu". Radi alisikiliza huku akitafuna karanga. Kisha fundi saa akamwinulia gita mezani, akauliza swali ambalo chama kilikuwa kikiliweka kiporo tangu kianzishwe: kifuniko kile cha chuma kilichangia nini katika sauti yake?

"Kifuniko kipi?"

Wakamwonyesha picha.

"Aa, hicho! Tulikuwa tunakifungua siku ya kwanza. Kinakuzuia mkono. Sisi tulikigeuza tukawa tunatilia majivu ya sigara."

Saa arobaini zikasikika, kila moja na yake.

"Na sponji?" akauliza fundi saa kwa sauti ndogo.

"La kiwandani lilichakaa mapema. Nilikata ndala ya mpiga ngoma, nikachomeka kipande. Alinuna wiki nzima."

"Kijibao, mama," seremala akadakia, maana hapo ndipo roho yake ilipokuwa. "Kijibao uliegemeza vidole vipi?"

Radi akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati nje ndani. "Baba, mimi kijibao hicho nilikuwa natundikia kofia."

Mwenyekiti akasimama. "Mama, kwa heshima zote, picha hii inaonyesha wazi vitu vyote vikiwa mahali pake."

"Picha ilipigwa dukani. Gita hilo si langu hata. Langu lilikuwa limepasuka, mwenye duka akaniazima la dirishani nilishike dakika tano. Alisimama pembeni asije akaibiwa."

Radi aliaga mapema, kuku hawajui Jumamosi. Alipotoka, chama kikajadili. Mwenyekiti alisema wazee wetu tuwaheshimu, lakini kumbukumbu huchakaa, chuma hakichakai. Fundi saa alisema mpigaji si lazima awe anaelewa chombo anachokipiga. Mapacha wakakubali, kila mmoja kwa niaba ya mwenzake. Ikaamuliwa kwamba maneno ya Radi yaingizwe kwenye faili la "Maoni ya Watumiaji", faili ambalo lilifunguliwa siku hiyo na kufungwa siku hiyo hiyo. Seremala aliandika muhtasari huo kwa mkono wake, na masikio yakimwaka moto.

Miezi minne baadaye likatokea la kutokea. Kiwanda kikatangaza gita jipya lenye umbo la zamani: kifuniko, sponji, kijibao, vyote vimerudi. Labda barua zilisomwa, labda hazikusomwa. Tangazo halikumtaja mtu. Wanachama walichanga wakaagiza moja. Sanduku lilipofika walilifungua kwa kisu cha kukatia karatasi, polepole, kama watu wanaovua bandeji.

Lilikuwa zuri. Seremala alipitisha kidole juu ya kijibao: mbao ngumu, msasa safi, kingo zimelainishwa vizuri. Alitafuta kosa kama fundi, akalikosa. Akawageukia wenzake ili washangilie.

Fundi saa alikuwa ameshavaa lenzi. "Skrubu hizi," akasema taratibu, "zina kichwa cha msalaba. Za zamani zilikuwa na mfereji mmoja."

"Sponji ni jipya mno," akasema Mwenyekiti, akilibonyeza. "Sponji la kweli linamomonyoka."

"Linamomonyoka," wakasema mapacha.

Na seremala akaona nyusoni mwao raha ambayo hakuwa ameiona tangu azimio la kwanza, raha ya watu walionusurika na balaa la kupata walichokitaka. Mwenyekiti alikuwa ameshakohoa. "Wametudharau. Katibu, andika barua."

Seremala akachukua kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika "Ndugu". Kisha akakaa akiitazama hiyo "Ndugu" muda mrefu, akafunga kalamu, akaomba aliazime gita hadi Jumatatu. Walimruhusu bila kubisha. Walikuwa wameshaanza kuorodhesha kasoro, na kwa orodha ile hawakulihitaji gita tena.

Alilipeleka kwa Radi pamoja na vizimba vya mwisho, kwenye mkokoteni mmoja. Radi alivikagua vizimba kwanza, akatikisa kila mlango. Aliporidhika ndipo akauliza, "Na hilo?"

"Nimeleta ulitazame."

"Gita halitazamwi. Nipe bisibisi."

Alifungua kifuniko katika muda wa kumeza chai, akakigeuza, akakijaza maji, akakiweka chini. Vifaranga wakakizunguka wakinywa. Kisha akakaa juu ya ndoo, akapiga. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa uzee, lakini sauti ilitoka nene, nzito, ikapita kwenye mbao za vizimba na nyayo za seremala, na kuku mia tatu wakanyamaza kwa pamoja. Seremala aligeukia ukuta, akajifanya anakagua bawaba. Macho yalikuwa yamemlowa. Miaka kumi na moja alikuwa amekipenda kitu ambacho hakuwahi kukisikia.

"Nifundishe," akasema, bado ameupa ukuta uso.

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na tatu."

"Umechelewa. Njoo kesho."

Gita alilirudisha Jumatatu kama alivyoahidi, likiwa na alama ya maji kwenye kifuniko. Fundi saa aliiona kabla hajaweka lenzi jichoni. Barua ya kumfukuza uanachama ilikuwa na kurasa tatu na viambatanisho, tena ilikuwa na makosa ya kisarufi, kwa sababu chama hakikuwa na katibu. Seremala aliisoma akiwa amesimama, akaitia mfukoni, akaenda kwa mama wa mayai na gita lake la siku zote.

Mafunzo yalikuwa ya adabu kali. Radi alimpigisha noti mbili wiki tatu nzima. Alimkataza kuangalia vidole. Alimwambia besi ni kama mguu wa meza, mtu akianza kuuona ujue meza inayumba, na hilo seremala alilielewa mara moja. Wiki ya kwanza kuku walipunguza kutaga; ya nne wakazoea.

Mwaka uliofuata, muuguzi mkuu wa hospitali ya mkewe alistaafu, wenzake wakaomba bendi ndogo ya kutumbuiza ukumbini: mpiga kinanda wa kwaya, mpiga ngoma kutoka maabara, na seremala. Alipiga nyimbo tisa, shati limemgandia mgongoni. Hakuna aliyemtazama. Watu walikuwa wanacheza, na muuguzi mkuu alikuwa amevua viatu.

Walipofika nyumbani mkewe alimkalisha kitini, akamsafisha malengelenge ya vidole viwili, akayafunga kwa plasta.

"Wimbo wa nne uliukimbiza," akamwambia.

"Niliukimbiza," seremala akakubali, akanyoosha na kidole cha tatu, nacho kifungwe.