Tambi Ndefu za Mwalimu Keiko

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la tatu, kwetu Nanganga, nilipoamini kwamba nimejiua kwa meno yangu mwenyewe.

Mwalimu Keiko, Mjapani aliyefundisha hesabu sekondari, alipanga chumba nyumbani kwetu. Siku ya mwisho ya mwaka aliazima jiko la Bibi, akachemsha dagaa wakavu, akachuja supu yake na kuimwaga juu ya tambi za dukani. Kwao, alisema, familia hula tambi jioni hiyo ili umri uwe mrefu kama tambi zenyewe.

“Vuta mpaka mwisho,” alituambia. “Usikate.”

Bibi, ambaye alikuwa na miiko yake tele, usikalie kinu, usifagie jua likishazama, aliupokea na huu palepale. “Wazee wao hawakusema bure,” alisema.

Tukakaa mkekani, tukavuta. Baba alivuta kwa nguvu hadi supu ikamrukia kwenye kanzu. Mwalimu akapiga makofi: kwao kula tambi kwa kelele si utovu wa adabu! Nikaangua kicheko, na tambi yangu ikakatika katikati ya meno. Kipande kikaanguka mkekani. Nikaanza kulia.

“Nini tena, Zuhura?” Bibi akauliza.

“Nimekata umri wangu, Bibi.”

Mwalimu alishtuka, akajaribu kueleza kwamba ni desturi tu, lakini Kiswahili kikamponyoka. Bibi hakunicheka wala hakunikemea. Alichambua bakuli lake polepole, akatoa tambi ndefu kuliko zote, akanisogezea mdomoni.

“Vuta hii. Ni ya kwangu.”

“Na wewe je?”

“Mimi nimeshakula nyingi. Vuta, mjukuu wangu, inapoa.”

Nikafumba macho, nikavuta hadi ncha ikanichapa puani. Wote wakashangilia kama nimefunga goli.

Bibi aliishi miaka mingi baadaye, akilima ufuta wake na kugombana na kuku wa jirani. Alikuwa mtu wa swala tano. Alijua vizuri umri hupangwa na nani. Kwa hiyo huenda alikuwa anambembeleza mtoto tu. Au labda jioni ile aliamini kama nilivyoamini mimi, na bado akanipa. Sikuwahi kumuuliza. Nilijua angecheka, anipe jibu la kwanza, na mimi nilishalipenda hili la pili.