Adabu za Tauno Kurkela

Sisi watu wa Haukipudas, kaskazini mwa Ufini, tuna ugonjwa mmoja: tunaona aibu kusema. Mtu anaweza kuungua mkono mbele ya tanuri akaguna tu "mm," kisha akaendelea kukanda unga. Pale bekari ni mimi peke yangu ninayepayuka, na kwa hilo nimesemwa sana. Leo nitapayuka tena, maana nina hasira, na hasira yangu haijui imshike nani. Nataka kuwaeleza habari za Tauno Kurkela, dereva wetu wa gari la mikate, mtu mwema kuliko wote niliofanya nao kazi, na jinsi wema wake ulivyomfikisha Raili Ojakangas kaburini.

Tauno aliendesha lile gari tangu ujana wake. Alikuwa mrefu, mkimya, na kofia yake ya manyoya haikutoka kichwani hata tukiwa ndani kwenye joto la tanuri. Asubuhi ya baridi kali, wakati madereva wengine wanakwaruza kwenye kioo kitundu cha ukubwa wa sahani ya kikombe na kuondoka wakichungulia, yeye alikwangua barafu kwenye vioo vyote, akafuta taa za mbele na za nyuma, akapangusa na namba za gari. Tulimcheka.

"Mzee, unalisafisha hilo gari au unaliposa?" nilimwuliza siku moja.

"Kioo ni kioo," alisema, akaendelea kukwangua.

Raili alikuwa mhudumu wa wazee majumbani. Aliwaosha, akawapa dawa, akawavalisha soksi, kisha akapanda baiskeli kwenda nyumba nyingine. Kwetu baiskeli haiwekwi stoo kwa sababu ya theluji. Watoto wanaenda nayo shule, mabibi wanaenda nayo dukani, na Raili alienda nayo kazini hata kope zikigandiana. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na tairi zake zilikuwa za misumari ya kushika barafu, nzuri. Hakuwa mzembe. Nalisema hili mapema kwa sababu mjini kuna midomo iliyosema vingine.

Njia yake ilishuka kutoka daraja la reli na kukata barabara anayopita Tauno. Chini ya mteremko kuna kibao kinachomwambia mwenye baiskeli apishe. Sheria iko wazi: gari linapita, baiskeli inasubiri. Lakini nenda kaisimamie hiyo sheria mwezi wa Januari! Mteremko ule husuguliwa na matairi mpaka unang'aa. Ukifunga breki, unashuka kwa makalio. Ukifanikiwa kusimama, kuondoka tena ni kazi, gurudumu linazunguka bure. Halafu greda la theluji linapita alfajiri na kuacha tuta pembeni, na dereva anaona taa ya baiskeli na kofia, basi.

Majira fulani ya baridi, miaka mingi nyuma, Raili alisimama pale kama kibao kinavyotaka, akateleza, akaanguka katikati ya barabara mbele ya gari la mikate. Tauno alisimamisha gari, akashuka, akamwinua, akamkung'uta theluji mgongoni, akaunyoosha usukani wa baiskeli.

"Umeumia?"

"Hapana."

Hayo ndiyo mazungumzo yote waliyowahi kufanya maishani. Nakwambia kweli, hayo tu. Kesho yake Tauno alipoiona ile taa inashuka darajani, alipunguza mwendo mapema, akasimama, akafifisha taa zake asimwumize macho. Raili akapita bila kugusa breki. Kesho kutwa hivyo hivyo. Ikawa ni desturi yao, miaka nenda miaka rudi, na hawakujuana hata majina. Kazini hakuna aliyeambiwa. Kwa Tauno halikuwa jambo la kusimuliwa, ilikuwa adabu tu, mtu ampishe mama wa watu anayekwenda kazini kwenye baridi.

Mwezi wa Januari uliopita macho yakamshinda, akastaafu. Bosi alitaka tumfanyie sherehe ndogo, atangaze na kwenye gazeti la mtaa.

"Mkinifanyia keki siji," alisema Tauno.

Na kweli, Ijumaa alitundika funguo ukutani, akasema "haya basi," akaenda zake. Nani angemwambia Raili? Nani alijua kwamba kuna cha kumwambia?

Dereva mpya alikuwa Jesse Nummelin, kijana kutoka Turku, kule kusini, mpole, mwenye ndevu chache za kubembeleza. Tauno alirudi Jumapili kwa ajili yake tu, akamzungusha njia nzima, barabara zikiwa tupu, wapate kuzungumza kwa utulivu. Alimwonyesha mlango wa duka unaokwama, mahali swala wakubwa wa msituni wanapokatiza, na mama mwenye duka anayetaka mkate mweusi upangwe kifudifudi. Walipopita chini ya daraja la reli hapakuwa na mtu. Tauno hakusema kitu, kwa sababu hakukumbuka kwamba kuna kitu.

Jumatatu asubuhi Jesse alikwangua vioo vyote kama alivyofundishwa. Hakuwa na mwendo wa kasi, polisi wenyewe walipima. Aliiona taa inashuka. Akajua kibao kiko upande wa baiskeli, akaamini mtu huyo atasimama. Alipoona hasimami alikanyaga breki, na gari lenye shehena ya mikate likateleza kama sabuni sakafuni. Raili alifia palepale, mbele ya magurudumu.

Saa ileile Jesse aliwaambia polisi na kila aliyemwuliza: "Nilimwona. Nilidhani atasimama. Sikupiga honi."

Loo! Mji mzima ukamshukia. Ameona na hakupiga honi! Lakini hebu niulize, nani kati yetu hupiga honi? Hapa kwetu kumpigia mtu honi ni kumtukana hadharani. Mara ya mwisho nilisikia honi ilikuwa harusini. Na kengele za baiskeli zetu zimeshika kutu kwa kutoguswa. Jesse aliona aibu kumpigia honi mama wa watu asubuhi na mapema, jinsi ambavyo ningeona aibu hata mimi mpayukaji.

"Mtu wa Turku huyo," walisema pale chumba cha kahawa. "Theluji ya kwao ni mvua iliyopotea njia. Alipewaje gari?"

Akiingia Jesse, wanainuka mmoja mmoja na vikombe vyao. Bosi alimwondoa kwenye gari, akamweka kuosha trei. Hakula. Nilimwekea maandazi ya hiliki ya moto pembeni ya sinki, jioni nikayakuta yamekauka palepale. Wakati wa mapumziko alitoka na kusimama kando ya mto, akiangalia mahali ambapo maji yanapita kasi na barafu haishiki. Nikaanza kutoka naye. Nilijifanya navuta sigara, mimi ambaye sivuti.

Siku moja Tauno alikuja kunywa kahawa, kama wastaafu wanavyokuja. Jesse akamfuata, mikono ikidondosha povu.

"Mzee Tauno, niambie wewe. Nilikosea wapi?"

Tauno aliangalia ndani ya kikombe. "Barafu ni barafu," alisema. Akavaa glavu, akatoka.

Mimi nilimwona uso. Nikamkimbilia mpaka mlango wa nyuma, aproni na yote.

"Wewe mzee, una nini?"

"Sina kitu, Marketta."

"Usinidanganye. Umekuwa mweupe kama unga."

Hapo ndipo aliponieleza, maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema kwa miaka yote ile. Habari ya kuanguka, ya kumwinua, ya kusimama kila asubuhi. Jina la Raili alilijua kwenye tangazo la msiba, alipoona picha.

"Nilimfundisha asisimame," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Sheria ilimwambia asimame, nami nikamwondolea sheria. Kisha nikaondoka bila kuaga."

"Na yule kijana ndani umemwacha aamini ni ugeni wake!"

"Niseme nini? Na nimwambie nani?"

"Sema hayo hayo! Waambie wote! Jumamosi ni mazishi, mji mzima utakuwa kanisani. Unaona anaposimama kila siku, pale mtoni? Unataka tumzike na yeye?"

Aliivuta kofia mpaka machoni. Nilimwonea huruma, na huruma ikanizidishia hasira.

"Usiposema wewe, nitasema mimi, na mimi unanijua."

"Nakujua," alisema.

Jumamosi nilimburuta Jesse kanisani. Hakutaka, nikamwambia asipokuja nitambeba mgongoni, na mgongo ninao. Tulikaa benchi la mwisho. Watu waligeuka, wakatuona, wakageukia mbele tena.

Desturi yetu ni kwamba wafiwa na wageni huenda kwenye jeneza kwa zamu, wanaweka maua, na mmoja anasoma kwa sauti maneno ya kwenye kadi. Mistari miwili mitatu, wanainamisha kichwa, wanarudi kukaa. Tauno alikwenda peke yake, kofia mkononi. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya siku ile, upara mtupu. Alisoma kadi yake: "Kwa kumbukumbu, dereva wa mikate." Akaweka maua. Ila hakurudi.

Watu wakaanza kujisogeza kwenye mabenchi. Mchungaji akamtazama.

"Kijana yule hana kosa," Tauno alisema, sauti ikiwa ndogo, lakini kanisa zima lilisikia. "Nilikuwa nampisha huyu mama kila asubuhi. Miaka yote. Alizoea gari lile kusimama. Sikumwambia naacha kazi. Wala sikumwambia kijana. Nililisahau."

Akaendelea kusimama pale, mikono imening'inia, hajui aende wapi. Nilitaka kulia, nilitaka kumpiga, sijui.

Akainuka Arvo, mume wa Raili. Fundi mabomba, mwenye mikono mikubwa. Nilidhani atamrukia Tauno.

"Breki yake ya nyuma iliganda tangu kabla ya Krismasi," alisema Arvo. "Akaniomba nimtengenezee. Mara mbili aliniomba. Nikamwambia ya nini, mzee wa mikate si anakupisha. Alikuwa akinihadithia habari za mzee huyo." Akamgeukia Tauno. "Alikuwa anakupenda, mzee. Si kwa maana mbaya. Alisema asubuhi yake inaanzia pale."

Mchungaji alifungua kitabu, akakifunga. Mwishowe mpiga kinanda, Mungu ambariki, akaanza tu wimbo bila kuambiwa, nasi tukaimba vibaya.

Baadaye, kwenye ukumbi wa kahawa, watu walipanga foleni na vikombe kama kawaida yetu, macho sakafuni. Hakuna aliyemwomba Jesse radhi. Msingoje jambo kama hilo kwetu. Ila mmoja wa wale waliokuwa wakiinuka chumba cha kahawa alimsogezea sahani ya keki, na Jesse akachukua kipande, akakila. Niligeuka nikafuta macho kwa kitambaa cha meza.

Arvo alikuja akaketi mezani petu. Tauno alikuwepo, kofia magotini. Wanaume watatu na mimi, tukinywa kahawa.

"Kuna jambo moja sikuwaambia polisi," Jesse alisema ghafla. "Nilidhani wataniona mwongo. Hapa hakuna anayemsalimia mtu asiyemjua."

"Jambo gani?" Arvo aliuliza.

"Alipotokeza mwisho wa lile tuta la theluji aliniangalia. Akanyanyua mkono. Akacheka, kama mtu aliyemwona rafiki."

Tauno alifumba macho. "Alikuwa ananisalimia mimi," alisema. "Kila siku alifanya hivyo."

Arvo aliweka kikombe mezani taratibu. Alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe, akiikunja na kuikunjua, kama anayeshika usukani wa baiskeli.

"Mkono gani?"

Jesse alifikiri kidogo. "Wa kushoto."

Mwanamke wa parokia alipita na birika, akatuongezea kahawa, akaenda.

"Breki iliyobaki nzima," Arvo alisema, "ilikuwa ya mkono wa kushoto."