Pikapu Iliyozunguka Uwanja wa Mkwe

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na magari ya mitumba yakaanza kuingia Sumbawanga, nilichukua fedha za bati za nyumba yetu ya mtaa wa Kizwite nikanunua pikapu kuukuu. Fedha hazikuwa zangu peke yangu. Mke wangu hakugombana nami. Alifunga nguo zake akarudi kwao Chala.

Nilimfuata na pikapu hiyo hiyo, nikiamini akiiona atalainika. Nikaingia uwanjani kwa wakwe kwa mbwembwe, nikakata kona na kuegesha usukani ukiwa umepinda hadi mwisho. Baba mkwe aliitikia shikamoo yangu, akaomba ufunguo, akautia mfukoni. Nilete bati kwanza, akasema, ndipo nichukue mke na gari. Kisha akaenda kwa jirani kunywa pombe ya ulezi.

Mimi nilisoma fizikia sekondari. Ufunguo sikuuona kitu. Nikamleta fundi baiskeli wa sokoni, akaunganisha nyaya chini ya usukani, injini ikawaka. Alitaka kunieleza jambo kuhusu usukani, nikamwambia kazi yake imekwisha. Nikamfungulia mke wangu mlango. Akapanda.

Gari likaondoka, likakata kulia, likaendelea kukata kulia. Ufunguo ulipotoka, usukani ulikuwa umejifunga pale pale ulipopinda. Tukauzunguka mkeka wa ulezi ulioanikwa, kuku wakitawanyika. Ningeweza kukanyaga breki, lakini kusimama kungekuwa kukiri kosa, nami nilitumaini mzunguko wa pili ungeulegeza usukani.

Mzunguko wa tatu nikamkuta baba mkwe amesimama ukingoni mwa uwanja.

"Mkwe," akasema nilipompita, "unakwenda wapi?"

Nilimjibu nilipomfikia tena. "Sumbawanga."

Hapo mke wangu akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Zunguka tena. Mama hajaona."

Akacheka hadi akashika dashibodi. Nikasimama.

Baba mkwe hakunipa mimi ufunguo. Alimpa binti yake dirishani, akamwambia aamue mwenyewe. Mke wangu akakaa nao mkononi, akiutazama. Kisha akanipitishia mkono kifuani, akauchomeka. Nikautikisa usukani kushoto na kulia, ufunguo ukazunguka, kufuli likaachia.

Tulipofika Kizwite alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akaufunga kwenye ncha ya kanga, akaniuliza ni nani pale mtaani anayetafuta pikapu ya kununua.