Mtumbwi wa Mzee Martini

Mzee Martini, jirani yangu huku milimani juu ya Ilagala, anafuga ng'ombe kumi na wawili, na kwa miaka ishirini hakuna hata mmoja aliyekanyaga chemchemi yetu. Alipata mtumbwi mkuukuu kwa wavuvi, akaukokota hadi huku, akauweka hatua sitini chini ya chemchemi. Kila siku ya kiangazi huchota maji kwa ndoo, akayamimina mtumbwini, ng'ombe wakanywa. Mgongo umempinda kwa kazi hiyo.

Juzi ikaja kamati ya kulinda vyanzo vya maji, watu wanne na pikipiki zao. Wakaona alama za kwato kuzunguka mtumbwi, wakaandika kwamba mifugo inaharibu chanzo.

"Wanangu, ng'ombe hawafiki kule juu," Mzee aliwaambia. "Nendeni mkatazame."

Nani alimsikiliza? Waliupasua mtumbwi kwa shoka mbele ya macho yake, kisha wakapigilia kibao cha kukataza mifugo kwenye mti alioupanda yeye mwenyewe. Na kabla ya kuondoka, wakaingiza pikipiki zao ndani ya chemchemi, wakaziosha.

Mimi niliwaambia yote niliyokuwa nayo moyoni, wakacheka. Walipoondoka, Mzee alichukua ndoo yake, akapanda kwenda kuengua oili iliyoelea juu ya maji. Ng'ombe walibaki chini na kiu yao, wamesimama kando ya vipande vya mtumbwi. Hakuna hata mmoja aliyemfuata.