Jina la Kabare Lilitutosha

Siku niliyokaribia kukosa mume kwa sababu ya kukosa watu naikumbuka vizuri, mjukuu wangu. Kaa hapa nikusimulie kabla hujafunga sanduku lako la safari ya Buffalo.

Nilikuwa msichana, naishi Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, nafanya kazi ghalani. Nilifika Amerika peke yangu. Vita vya Kivu vilikuwa vimenimalizia ndugu wote. Kijana mmoja Mkongo wa Louisville akanipenda, nami nikampenda, eh, kupita kiasi! Lakini baba yake mkubwa akanipigia simu, na Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa: "Bon, Jumamosi tunakuja Columbus kukuposa. Donc, watu wako wawepo. Hatuwezi kuchukua msichana kama kuku wa kuokota njiani. Tukikosa wa kuzungumza naye, tunarudi na kijana wetu."

Nililia mpaka macho yakavimba. Watu ningewatoa wapi?

Jumapili kanisani nikaomba niombewe. Mama mmoja Mkenya, Mama Njeri, aliyekuwa akitunza wazee, akanigeukia.

"Kwenu ni wapi?"

"Kabare."

"Kabare! Hata mimi!" Alipiga kelele katikati ya ibada, bila haya.

Kumbe kwao ni Kabare ya Kenya, chini ya Mlima Kenya, kwenye chai na kahawa. Yangu ni ya Kongo, milimani karibu na Bukavu, na tena Kabare ndilo jina la ukoo wa mwami, mfalme wetu. Nikamweleza yote hayo taratibu, asije akakosea. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, nimesikia. Jumamosi nije saa ngapi?"

Alikuja asubuhi na mapema, na masufuria yake na kina mama wa kanisa. Wageni walipobisha, akawafungia mlango kama wafanyavyo kwao Kenya posa inapokuja.

"Nyinyi ni kina nani?"

Baba mkubwa alikuwa mtu wa kujivuna kidogo, Mungu amrehemu. Akajibu, "Mimi ni wa nyumba ya Kabare!"

"Hata sisi. Sasa mgeni ni nani?"

Korido nzima ikacheka, isipokuwa yeye. Walipoketi ndani, mzee akamkazia macho Mama Njeri.

"Mama, Kiswahili chako ni cha Kenya. Kabare ni jina la mwami wetu, si jina la kuokota. Wewe na huyu msichana mna ukoo gani?"

Nilimwona mchumba wangu ameinamisha kichwa, nikasema moyoni, basi, yameisha.

Mama Njeri hakupandisha sauti. "Baba, ukoo hatuna. Lakini jina hili limemtosha mfalme, likautosha mji wenu, likabaki mpaka likafika kwetu. Leo ndio lishindwe kumfunika msichana mmoja? Siku mtoto huyu akilia nyumbani kwenu, atakayepigiwa simu ni mimi. Na nitakuja. Haya, zungumza na mimi."

Mzee yule akainuka, akampigia makofi ya taratibu, yale ya heshima tunayompigia mwami. Hapo nikalia tena, mbele ya watu, kwa furaha.

Ndivyo nilivyofika Louisville, hapa mtaa wa Iroquois. Nilipojifungua mama yako, Mama Njeri aliendesha gari kutoka Columbus kuja kunipikia uji, akaniosha, akanikanda. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Mimi sikuusoma, mwanangu, niliunywa kwenye kile kikombe cha uji, na kila siku namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Basi nenda Buffalo ukasome. Mtu akikuambia "wewe ni wa kwetu," usimuulize ukoo kwanza, mkaribishe. Na ukimwona msichana amekosa wa kusimama upande wake, usingoje mkubwa zaidi yako. Simama wewe. Akikuuliza mtu unatoka wapi, sema Kabare. Na wakikuuliza Kabare ipi, waambie ile ya Mama Njeri.

Mungu akutangulie njiani. Usikose watu, na wewe usikosekane watu wanapokuhitaji. Amina.